Raba za porini: jozi moja ya kupandia mlima, kusafiria na kuvaa kila siku

Raba za kukimbilia njia za porini zilibuniwa kwa ajili ya wakimbiaji wa milimani, lakini wengi wanaozinunua leo hawakimbii. Wanataka kiatu kimoja cha kupandia Uluguru Jumamosi, kurudi nacho Dar es Salaam Jumapili, na kwenda nacho kazini Jumatatu. Kiatu cha namna hiyo kipo. Ila watu hukichagua kwa kufikiria siku moja ngumu kuliko zote, wakarudi na soli yenye meno kama ya trekta, kisha wakaivaa miezi minane juu ya lami. Meno yanakwisha, miguu inauma, na mlima wenyewe wameupanda mara mbili.

Anza na ardhi unayokanyaga

Chukua wiki nne zilizopita uandike saa ulizovaa viatu: ngapi kwenye lami, saruji na vigae, ngapi kwenye barabara za vumbi na kokoto, ngapi kwenye udongo, mizizi na mawe. Mtu wa mjini anayepanda mlima mara moja kwa mwezi atakuta mlima umechukua saa sita au nane tu. Huyo achague kiatu cha lami na vumbi ambacho mlima pia kinaumudu. Anayeishi Lushoto au Kapchorwa, ambako tope liko mlangoni, hesabu yake itamwambia kinyume, na aifuate.

Ujue pia mahali ambapo raba hazitoshi. Kwa Longonot, Ngong, misitu ya Usambara, Morningside kule Morogoro, au njia ya Kilimanjaro kutoka lango la Marangu hadi Mandara kwenye mita 2,720, raba nzuri ya porini inatosha, na mara nyingi ni bora kuliko buti: jozi yake ina uzito wa gramu 500 hadi 700, ilhali buti za ngozi hufika kilo moja na zaidi. Lakini usiku wa kupanda kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ni jambo jingine. Unatembea polepole gizani kwa saa sita au saba, baridi ikiwa chini kabisa ya sifuri, na kitambaa cha wavu hakizuii upepo. Hapo vaa buti yenye joto na nafasi ya soksi nene. Anayebeba mzigo wa kilo 15 na zaidi kwa siku kadhaa naye anahitaji soli ngumu kuliko hizi.

Meno ya soli

Geuza kiatu, weka rula kati ya meno, upime kina. Meno ya milimita 2 hadi 3 ni ya vumbi gumu na lami. Milimita 3 hadi 4 ndiyo kipimo cha mtu anayetaka jozi moja kwa kazi zote: yanashika kokoto na udongo wenye unyevu, na kwenye lami hutayahisi sana. Milimita 5 na 6 ni ya tope na majani yaliyolowa. Ukiyavaa mjini kila siku utahisi kama unakanyaga karanga, na ncha zake zitaliwa upesi, kwa sababu uzito wote wa mwili umebebwa na vipande vichache vya mpira.

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Meno marefu yaliyoachana hugusa sakafu kwa eneo dogo. Juu ya vigae vilivyolowa vya benki au hospitali, au jiwe laini la kando ya mto, kiatu hicho huteleza kuliko raba ya kawaida. Penye ulaini na maji kinachoshika ni mpira wenyewe. Mpira laini, kama Megagrip ya kampuni ya soli ya Vibram, unang'ang'ania jiwe lililolowa lakini unaisha haraka kwenye lami. Mpira mgumu unadumu lakini unateleza. Kandamiza jino kwa ukucha: likibonyea kidogo na kurudi, mpira ni laini; ukucha ukiteleza kama juu ya plastiki, ni mgumu. Kwa matumizi ya aina tatu, tafuta ulio katikati.

Hiyo Vibram, kwa njia, ilianzia kwenye msiba. Mwitaliano Vitale Bramani alipoteza wenzake sita mlimani katika Alps mwaka 1935, wakiwa wamevaa viatu visivyofaa kwa hali iliyowakuta. Miaka miwili baadaye akaleta soli ya mpira yenye meno, na umbo lile la kwanza bado unaliona chini ya buti nyingi.

Nafasi kati ya jino na jino nayo itazame. Mfinyanzi mwekundu wa Usambara wakati wa masika hujaa katikati ya meno yaliyobanana, na baada ya hatua ishirini umebeba kilo ya udongo juu ya soli laini kama sahani. Nafasi ikiwa pana kama kidole kidogo cha mkono, tope hudondoka lenyewe unapokunja mguu. Angalia pia meno yanaelekea wapi. Kwenye raba iliyofikiriwa vizuri, ya mbele yamelala upande mmoja ili yasukume unapopanda, na ya kisigino yamegeuka upande wa pili ili yakamate breki unaposhuka. Yote yakielekea upande mmoja, kushuka kutakusumbua.

Sponji ya kati na miiba

Kati ya mpira na mguu kuna sponji, mara nyingi ya EVA, plastiki nyepesi yenye vipovu vya hewa. Unene wake hupimwa kisiginoni na mbele, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mteremko wa kiatu. Kisigino cha milimita 30 na mbele 24 ni mteremko wa milimita 6.

Mteremko wa milimita 4 hadi 8 unawafaa wengi. Viatu bapa kabisa, kama vingi vya kampuni ya Altra, vina mteremko wa sifuri. Si vibaya, lakini vinahamishia kazi kwenye kano ya kisigino na shavu la mguu. Aliyezoea raba zenye kisigino kilichoinuka akihamia huko ghafla na kutembea kilomita 15, kesho yake atashuka ngazi kinyumenyume. Avivae saa moja kwa siku wiki ya kwanza, aongeze taratibu kwa mwezi mzima.

Unene nao una bei yake. Sponji iliyozidi milimita 35 ni raha kwenye saruji na safari ndefu, ila inakuinua mbali na ardhi, na mguu ukikanyaga ukingo wa jiwe kifundo hupinduka kwa urahisi. Mwembamba chini ya milimita 20 unakupa uthabiti, lakini kila kokoto utaijua kwa jina. Kwa njia zetu zenye mawe yaliyolegea, milimita 24 hadi 32 kisiginoni ni salama.

Sasa miiba. Sponji haizuii mwiba wa mgunga. Mwiba uliokauka, mrefu kama kidole, hupita kwenye mpira mwembamba kati ya meno na kuingia mpaka wayoni. Baadhi ya raba za porini zina bamba jembamba la plastiki ngumu lililofichwa chini ya sehemu ya mbele, la kuzuia mawe. Linasaidia sana kwenye miiba pia, ingawa kwa kawaida haliendi mpaka kisiginoni. Ili kujua kama lipo, kandamiza soli kwa dole gumba katikati ya meno ya mbele huku mkono mwingine ukiwa ndani ya kiatu. Ukihisi dole likija juu, hakuna bamba. Anayetembea Longido, Dodoma au Kajiado asinunue raba isiyo na bamba. Kila baada ya matembezi apitishe kiganja ndani ya kiatu kwa uangalifu, maana mwiba ukikatikia ndani ya sponji huendelea kupanda kila siku unapoukanyaga.

Kitambaa cha juu, na hoja ya maji

Wavu wenye matundu makubwa hupitisha hewa vizuri, na hupitisha pia vumbi laini la majivu ya volkano. Njia ya kupanda Longonot itakujaza soksi zote. Wavu uliosokotwa kwa kubana ni bora, hata ukitoa jasho zaidi kidogo. Tafuta ulimi ulioshonwa pande zote mbili hadi karibu nusu ya urefu wake: unazuia kokoto, vumbi, mbegu za kishona nguo, na unakupa sekunde chache za kukimbia ukikanyaga siafu. Pua ya kiatu iwe na kinga ya mpira au plastiki. Bila hiyo, wavu hutoboka pale kidole gumba kinapogonga mawe, na tundu hilo ndilo huua raba nyingi kabla ya soli.

Kuhusu viatu visivyoingiza maji, vyenye utando kama wa Gore-Tex, ushauri wetu kwa Afrika Mashariki ni mmoja: usinunue, isipokuwa unasafiri kwenda kwenye baridi. Utando unazuia maji yanayotoka nje kupitia kitambaa, lakini raba ni fupi, na mvua ya masika huteremka kwenye mguu na kuingilia juu. Yakishaingia hayatoki, kwa kuwa utando unayazuia kwa ndani kama ulivyoyazuia kwa nje. Wavu wa kawaida hukauka mguuni kwa saa chache za kutembea. Chenye utando kinaweza kuwa bado kibichi kesho asubuhi. Zaidi ya hapo, mtu wa Tanga au Mombasa atalowa kwa jasho hata pasipo mvua. Ngozi ikikaa majini inalegea, na ngozi iliyolegea ndiyo inayotoka malengelenge. Utando una faida yake kwenye nyasi zenye umande wa baridi, theluji nyepesi, na miji ya Ulaya wakati wa kipupwe.

Saizi: hapa ndipo wengi wanapokosea

Usiingie dukani ukitaja namba unayovaa siku zote. Pima mguu, tena jioni, ukiwa umesimama, kwa sababu baada ya siku nzima mguu umevimba kidogo, kama utakavyovimba mlimani. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake kisigino kikiegemea ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengi ni gumba, kwa baadhi ni cha pili), upime kwa milimita. Rudia mguu wa pili. Tofauti ya milimita 3 au 5 kati ya miguu miwili ni ya kawaida, na kiatu kinunuliwe kwa ule mkubwa.

Kisha soma lebo iliyo kwenye ulimi. Namba za Ulaya na Uingereza hazilingani kati ya kampuni na kampuni. Mguu wa sentimita 27 kwa Nike ya wanaume huandikwa 42.5 ya Ulaya na 8 ya Uingereza. Kwa adidas na Salomon urefu huohuo ni 42 2/3 na 8.5. Kipimo cha sentimita, kinachoandikwa CM au JP, ndicho kinachokwenda na mguu. Chukua urefu uliopima, ongeza milimita 5 hadi 10, utafute lebo hiyo. Mwenye mguu wa sentimita 26.3 aanze kujaribu 27. Nusu saizi ya Uingereza au Marekani ni kama milimita 4 tu, kwa hiyo kupanda nusu saizi si jambo la kuogopa.

Lebo inakuelekeza, lakini hakimu ni soli ya ndani. Itoe, iweke sakafuni, simama juu yake na soksi utakazotembelea. Mbele ya kidole kirefu kibaki kama upana wa dole gumba la mkono, milimita 10 hadi 12. Pasipo nafasi hiyo, kwenye mteremko mrefu vidole vitagonga mbele kila hatua, damu itavilia chini ya kucha, na baada ya wiki mbili tatu kucha itang'oka.

Tazama na upana. Kidole kidogo na kidole gumba visining'inie nje ya kingo za soli ya ndani. Mguu uliokua peku au kwenye kandambili aghalabu umetanuka mbele, wakati raba nyingi za Ulaya zimechongwa kwa mguu mwembamba, Salomon Speedcross ikiwa mfano unaojulikana. Kuongeza urefu ili upate upana ni kosa: kisigino kitaelea, na pale kiatu kinapokunjika hapatakutana na pale vidole vyako vinapokunjika. Tafuta kiatu chenye pua pana, kama Altra, au chenye alama ya upana. Kwa wanaume D ni wa kawaida na 2E ni mpana. Kwa wanawake B ni wa kawaida na D ni mpana. Mwanamke mwenye mguu mpana mara nyingi hupata nafuu kwenye raba ya kiume, akikumbuka kuwa namba ya Marekani ya kiume iko chini ya ya kike kwa takriban moja na nusu.

Kuijaribu dukani

Vaa zote mbili, zifunge hasa, utembee dakika kumi. Mwenye duka akikunja uso, endelea tu kutembea. Ziko ngazi? Shuka mara kumi. Kama hakuna ngazi, piga pua ya kiatu sakafuni mara tatu kwa nguvu ya kawaida. Vidole vikigusa mbele kwa pigo la kwanza, kamba zimelegea au kiatu ni kifupi. Kaza upya ujaribu tena. Kisigino kikipanda zaidi ya milimita 5 unapopanda ngazi, kiatu hicho kitakuchubua.

Kisha kivue ukishike. Kikunje: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati ya uvungu wa wayo. Kikikunjika katikati, hakina mgongo, na baada ya saa tano juu ya mawe nyayo zitachoka vibaya. Kipinde kama unayekamua nguo: kigome kiasi, kisiwe tambara wala ubao. Bana kisigino kwa vidole viwili. Kikibonyea kama karatasi, mguu utayumba kwenye miteremko ya ubavu.

Usiamini maneno ya kwamba "kitajiachia". Ngozi hujiachia. Wavu na plastiki hubaki vilevile, na kinachokubana dukani kitakubana kwenye kilomita ya kumi mara tatu.

Mitumba

Raba bora za porini zinazopatikana kwa bei nafuu ziko Karume, Gikomba, Memorial ya Moshi na masoko kama hayo. Kitambaa kikiwa kizima watu huridhika. Wewe tazama sponji, maana ndiyo inayozeeka bila kuonekana.

Iweke jozi mezani, uitazame kwa nyuma usawa wa macho. Visigino visimame wima. Kimoja kikiwa kimelala ndani au nje, mwenye kiatu wa kwanza alikikanyaga hivyo, na sasa kitakukanyagisha wewe hivyohivyo. Meno kulika kidogo upande wa nje wa kisigino ni kawaida. Tazama ubavu wa sponji: mikunjo mingi midogo iliyolala kama makunyanzi inaonyesha imeshabanwa ikafa. Kandamiza kwa dole gumba. Sponji hai hubonyea na kurudi papo hapo, iliyokufa ni ngumu kama mbao au inabaki na shimo.

Kuna sponji ya aina nyingine, polyurethane, inayotumika zaidi kwenye buti. Hii huozeshwa na unyevu wa hewa hata ikiwa kabatini. Kwa nje inaonekana mpya, halafu siku ya kwanza mlimani soli yote inabanduka na sponji inapukutika kama keki kavu. Buti zilizokaa ghalani miaka mingi, hasa mwambao, ndizo zenye hatari hiyo. Kata shauri kwa kuikunja sana mara kumi na kuikwaruza kwa ukucha pale inapokutana na mpira. Ikitoa unga, iache. Lebo za Nike na adidas zina tarehe ya kutengenezwa. Jozi iliyopita miaka mitano ichunguzwe mara mbili.

Kunja pua ukitazama mshono wa gundi. Ikiachia mwanya wa kupitisha kadi ya simu, gundi imechoka. Angalia kama ubavu umepakwa rangi nyeupe kuficha umri, kama namba za kiatu cha kulia na kushoto ni moja, na kama alama ya pembe nane ya Vibram imechongwa ndani ya mpira au imechapwa juu tu. Ukishanunua, tupa soli ya ndani ununue mpya, osha kiatu chote kwa sabuni, ukianike siku mbili kabla ya kukivaa. Fangasi wa mtu mwingine hawana haja ya kuwa wako.

Kamba na soksi

Kufunga kamba kunaweza kuokoa kiatu ambacho ungekirudisha. Unaposhuka mlima, tumia lile tundu la mwisho la juu ambalo watu huliacha wazi. Ingiza kila kamba kwenye tundu hilo upande wake uleule ili ibaki kitanzi kidogo. Kisha pitisha kamba ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, vuta kuelekea chini, ufunge. Kisigino kinakaa, vidole havisogei mbele. Kama mguu wako una mgongo ulioinuka na kamba zinauma juu, usizipishanishe pale panapouma: zipandishe wima tundu moja, kisha uendelee kupishanisha.

Soksi ya pamba tupu hufyonza jasho ikabaki nalo. Ya sufi nyembamba au ya nyuzi za polyester na nailoni hukauka upesi na haikunjamani. Ukihisi joto mahali pamoja, simama hapohapo, kausha ngozi, bandika utepe. Ukisubiri hadi kituo, lengelenge limeshajaa.

Safarini na mjini

Kwa kusafiria chagua nyeusi, kijivu au kahawia. Rangi ya chungwa inafaa porini, lakini nyeusi inakubalika ofisini, kwenye chakula cha jioni na nyumbani kwa wakwe. Anayekwenda Unguja au Lamu atavua viatu mlangoni mara nyingi kwa siku, kwa hiyo kamba ya kuvuta na kukaza kwa kibanio kimoja, bila kufunga fundo, ni nafuu kubwa. Kwenye basi la usiku au ndege legeza kamba mapema, maana miguu huvimba kwa kukaa.

Jozi ikienda ndani ya begi, iweke kwenye mfuko wa kitambaa. Usitegemee mfuko wa plastiki: Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Anayekwenda Australia au New Zealand asafishe meno ya soli kwa mswaki hadi chembe ya mwisho, na akitamke kiatu hicho kwenye fomu ya kuingilia, kwa sababu huko udongo wa kigeni hauruhusiwi.

Ukipanda bodaboda, angalia mguu wa upande wa eksozi. Sponji ya EVA huyeyuka kwa mguso mmoja, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Kuosha, gundi, na siku ya kuiacha

Tope likauke kwanza, ulipige litoke. Toa soli ya ndani na kamba, sugua kwa brashi laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Jaza magazeti, uyabadilishe baada ya saa mbili, kisha anika kivulini penye upepo. Usianike kando ya moto wa kambi, wala juu ya dashibodi ya gari lililofungwa: joto linaisinyaza sponji na kuachanisha gundi.

Pua ikianza kubanduka, iwahi ikiwa na sentimita mbili. Safisha, kwaruza pande zote mbili kwa msasa, paka gundi ya viatu nyembamba kila upande, subiri kama dakika kumi hadi ikiguswa isinate kidoleni, kandamiza kwa nguvu, ifunge kwa mpira wa baiskeli usiku kucha. Fundi viatu wengi hukimbilia kushona soli mzunguko mzima. Kwenye raba hizi mwambie ashone pua tu, tena baada ya gundi, kwa sababu kila tundu la sindano kwenye sponji ni mlango wa maji na mwanzo wa ufa.

Sponji ya raba ya kukimbilia huhesabiwa kudumu kilomita 500 hadi 800. Ya kutembelea huenda mbali zaidi, kwa kuwa pigo la kutembea ni dogo. Zikianza kukuuma nyayo au magoti kwa safari ambazo zamani hazikuuma, ilhali kitambaa bado kizima, sponji imekwisha. Meno yakibaki milimita 1.5 ni tairi kipara: usizipeleke tena kwenye mfinyanzi. Jozi yenye meno yaliyokwisha na sponji hai ibaki ya mjini. Yenye sponji iliyokufa na meno yaliyosalia iwe ya shambani, kwa saa mbili za asubuhi, siyo kwa safari ya siku nzima.